Buti Kwanza, Skii Baadaye

Kila Januari huja wazazi wanaozungumza Kiswahili katika karakana ninayofanyia kazi hapa Tirol, Austria. Mtoto ameleta barua ya shule: darasa zima linapanda mlimani wiki moja kujifunza kuteleza kwenye theluji, na kila mwanafunzi aende na vifaa vyake. Mzazi amelelewa Mombasa au Bukavu, theluji ameijulia ukubwani. Akishaingia tu, macho yanakwenda ukutani zilikopangwa skii zenye rangi za kupendeza, na swali la kwanza ni bei ya hizo. Mimi humwomba akae kwanza, mtoto avue viatu, nimpime mguu.

Skii ziko za namna mbalimbali, na ni vizuri tuelewane tunazungumzia zipi. Philip Boit, Mkenya aliyeshiriki Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, alishindana mbio za kilomita 10 kwa skii nyembamba za nyika, ambazo ncha ya kiatu tu ndiyo hushikwa na kisigino hubaki huru. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia hapa Austria, aliiwakilisha Kenya kule PyeongChang mwaka 2018 katika skii za mteremko, ambazo buti lote hubanwa mbele na nyuma. Hizi za mteremko ndizo watoto wetu hufundishwa shuleni, na ndizo ninazoandikia leo.

Buti ndilo usukani. Unapotaka kukata kona, unausukuma ugoko mbele na kuulaza mguu upande. Ganda la buti linapokea msukumo, linaupeleka kwenye kibanio kinacholishika buti juu ya skii, kibanio kwenye skii, na skii inalaza makali yake kwenye theluji. Mguu ukicheza ndani ya buti hata sentimita moja, amri yako inafika imechelewa. Mtu anadhani hajui kuteleza, kumbe anaendesha gari ambalo usukani umelegea. Nimeona watu waliohangaika misimu miwili wakabadilika kwa asubuhi moja baada ya kupewa buti la saizi yao.

Saizi ya buti la skii ni urefu wa wayo kwa sentimita. Anayevaa 42 mjini atajikuta kwenye 26.5 au 27, na mara nyingi atakataa, aseme ni dogo. Njia ya kupata ukweli ni hii: toa buti laini la ndani, ingiza mguu ndani ya ganda tupu, sogeza vidole mpaka viguse mbele, kisha chungulia nyuma ya kisigino. Nafasi iliyobaki iwe ya kidole kimoja hadi viwili vya mkono. Ikifika vitatu, ganda ni kubwa, na hakuna soksi itakayolisaidia. Wengi hawajui kwamba 26 na 26.5 mara nyingi ni ganda lile lile. Kinachotofautiana ni ujazo wa ndani.

Halafu rudisha buti la ndani, vaa soksi moja tu, ndefu na nyembamba, funga vibano na usimame wima. Vidole vitagusa mbele, nawe utataka kulivua. Usilivue. Kunja magoti, egemeza ugoko kwenye ulimi wa buti, utaona kisigino kinarudi nyuma na vidole vinapata nafasi. Hapo ndipo buti linapopimwa, kwa sababu mlimani hakuna anayeteremka amesimama kama mlingoti. Kaa nalo dakika 20 dukani. Kubanwa kote kwa usawa, kama mtu anayekushika mkono kwa nguvu, ni sawa. Maumivu ya mahali pamoja, hasa kwenye kifundo au upande wa kidole kidogo, si sawa, lakini fundi anaweza kulipasha ganda joto na kulitanua hapo. Buti kubwa ndilo lisilo na dawa. Lile linaloonekana raha kama kandambili siku ya kwanza litakuwa limelegea kabisa kabla msimu haujaisha, maana sifongo ya ndani husinyaa.

Soksi mbili nazikataza kabisa. Watu wetu huogopa baridi, wanarundika soksi kama blanketi. Zikirundikana zinabana mishipa, damu haifiki vidoleni, na mguu unapoa zaidi ya wa mwenye soksi moja.

Ubavuni mwa buti kuna namba ya ugumu, tuseme 70, 90, 110 au 130. Namba hiyo haina kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote, kwa hiyo 100 ya kampuni moja inaweza kuwa laini kuliko 90 ya nyingine. Mwanafunzi mwepesi apewe laini. Kijana anayelilia 120 kwa sababu rafiki yake analo, atashindwa kukunja kifundo, atakaa nyuma kama aliyeketi kitini, na skii zitamkimbia.

Sasa kibanio, ambacho kwangu ndicho kifaa chenye dhamana kubwa kuliko vyote. Mwaka 1937 Hjalmar Hvam, mzaliwa wa Norwe aliyehamia Oregon, Marekani, alivunjika mguu akiteleza. Siku hizo buti lilifungwa kwenye skii moja kwa moja, ukianguka skii ikajipinda, mfupa ulijipinda nayo. Akiwa hospitali alibuni kibanio kinachoachia chenyewe nguvu zikizidi. Vibanio vya leo ni watoto wa fikra hiyo: lazima vishike unapokata kona, na lazima viachie kabla mfupa haujavunjika. Springi ndani yake hukazwa kwa namba, na namba hiyo hatuikisii. Tunaitoa kwenye jedwali la kanuni ya kimataifa, ISO 11088, kwa kutumia uzito, urefu, umri, urefu wa soli ya buti, na namna mtu anavyoteleza.

Kila kimoja kati ya hivyo kina kazi yake. Soli ndefu ni wenzo mrefu, hivyo namba hushuka. Aliyefika miaka 50, na mtoto ambaye hajafika 10, hupunguziwa. Anayeteleza taratibu hupewa kidogo kuliko anayekwenda kasi. Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiulizwa kilo zako, sema za leo, si za siku ya harusi. Ukiulizwa unaiwezaje skii, usijipandishe cheo. Mteja mmoja alijiita mzoefu mbele ya shemeji zake. Nilipomtoa kando na kumuuliza tena, akasema alikuwa ameteleza siku nne tu maishani. Ningefuata neno la kwanza, springi ingekazwa kwa mtu mwingine kabisa.

Kwa hiyo skii za kaka hazirithiwi na mdogo wake asubuhi ya safari. Buti likibadilika, kibanio kipimwe upya. Angalia na soli: siku hizi kuna soli za zamani zilizo bapa na ngumu, na kuna zilizopindwa kidogo na kuwekwa mpira ili mtu atembee vizuri, ziitwazo GripWalk. Si kila kibanio kinakubali zote mbili, na buti linaweza kuingia na kulia "ka!" huku likiwa haliwezi kuachia. Usitumie bisibisi yako nyumbani. Mpelekee fundi mwenye mashine ya kupimia, aone kinaachia kwa nguvu gani hasa. Na hata kikiwa kimerekebishwa barabara, ujue kibanio kilibuniwa kuokoa mfupa wa ugoko. Goti bado laweza kuumia.

Skii zenyewe hazina maneno mengi. Anayeanza achukue inayomfika kidevuni, anayeweza achukue ya puani au kipajini. Ya kiuno chembamba, yaani upana wa katikati chini ya milimita 80 hivi, hukata kona haraka kwenye njia zilizosawazishwa kwa mashine. Inayozidi 100 ni ya kuelea kwenye theluji nene nje ya njia, na mwanafunzi haihitaji. Ushauri wangu kwa mzazi ni kununua buti la saizi sahihi kama mguu wa mtoto hauongezeki upesi, na kukodi skii. Kwa mtoto anayekua, kodi vyote kwa msimu mzima. Buti la "atalikulia" ni kosa ninalolirekebisha kila mwaka.

Fimbo ya kuteleza igeuze juu chini, ishike chini ya kile kisahani cha karibu na ncha. Kiwiko kikikaa pembe mraba, urefu unafaa. Kofia ngumu nunua mpya yenye alama EN 1077, na ikigongwa kwa nguvu itupe hata kama haina ufa. Miwani usiifute kwa ndani, kwani dawa ya kuzuia ukungu hutoka na kitambaa.

Sasa matunzo, na hapa adui ni maji. Makali ya skii ni chuma. Ukizirudisha zimelowa, ukazifunga kwenye mfuko, asubuhi utakuta kutu. Zifute kwa kitambaa kikavu kila jioni, mfuko uuache wazi. Ukizibeba juu ya gari, vifunike vibanio, maana chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu huingia kwenye springi. Buti lifungue, litoe buti la ndani usiku, likauke mahali penye joto la kawaida. Usilitegemeze kwenye hita wala mbele ya moto. Plastiki hupinda na gundi huachia.

Makali jaribu kwa ukucha: pitisha ukucha kwa kukatiza, yakiukwangua ukatoa unga mweupe, bado yana ukali. Ukucha ukiteleza tu, tumia tupa iliyofungwa kwenye kishikizo cha pembe, kwa kawaida nyuzi 88 kwa mtelezaji wa kawaida, ukivuta kutoka kichwani kwenda mkiani. Kwenye theluji laini unaweza kusamehe makali butu. Kwenye njia iliyoganda asubuhi, makali ndiyo breki zako.

Upande wa chini wa skii ni plastiki ya polithilini yenye vinyweleo vinavyokunywa nta. Ikipauka kama ngozi iliyokosa mafuta, ina kiu. Nta huyeyushwa kwa pasi maalumu, si ya nguo, kwa sababu ya nguo ina matundu ya mvuke na joto lake hupanda na kushuka. Nta ikitoa moshi, moto umezidi. Dondosha, tandaza, pasi isisimame hata nukta, kisha acha ipoe angalau nusu saa. Halafu, na hili huwashangaza wengi, ikwangue yote kwa kipande cha plastiki ngumu na umalizie kwa brashi. Nta inayofanya kazi ni iliyozama ndani; iliyobaki juu hukwama kwenye theluji. Chagua ya joto la siku hiyo, ngumu kwa baridi kali, laini kwa theluji yenye majimaji. Ukikuta kopo kuukuu la nta yenye florini, usilitumie: shirikisho la kimataifa la skii, FIS, limezipiga marufuku nta hizo mashindanoni tangu msimu wa 2023/24, kwa kuwa kemikali zake hazioziki, zinabaki kwenye maji na udongo.

Msimu ukiisha Aprili, osha skii, kausha, ondoa kutu, paka nta nene mpaka ifunike na makali, na hiyo usiikwangue. Zisimamishe chumbani pakavu, si kwenye sakafu ya zege yenye unyevu wala darini kwenye joto la kiangazi. Buti lifunge vibano vyake kidogo ili ganda lisipoteze umbo. Novemba ikifika, kwangua nta ile, kisha peleka buti na skii pamoja kwa fundi avipime vibanio kabla mtoto hajapanda mlimani.