Waya ya buji ikikufa, usitupe bobini ya orijinali

Wandugu, mvua ikinyesha kidogo tu, pikipiki inaanza kukohoa, na fundi anamuambia motari: bobini imekufa. Mara nyingi iliyokufa ni waya. Ku bobini nyingi za orijinali waya imefungiwa ndani kabisa, ndiyo maana watu wanadhani haibadilishwi.

Chunguza usiku, injini ikiwaka, mahali pa giza. Cheche za bluu zikiruka toka waya kwenda ku chuma, waya imepasuka. Usiguse: ni maelfu ya volti!

Zima kontakti. Zungusha kofia ya buji itoke, kata ncha ya waya nusu santimeta, rudisha kofia. Kama ni ncha tu ilioza, kazi imeisha.

Kama imepasuka katikati, kata ukiacha santimeta 3 ku bobini, unganisha waya mpya ya milimita 7 na kiungo chenye skrubu pande mbili. Ndani iwe shaba. Ile ya kaboni ya magari skrubu haiishiki. Ziba na silikoni, maana utepe peke yake cheche inaupita.

Ikiwa imepasuka pale pale inapoingia ku bobini, basi, fundi ana haki.