LUPU NA HESABU YAKE: SOMO LA KUREFUSHA SAUTI

Fungueni madaftari na mshike kalamu, maana somo la leo lina hesabu kidogo. Tutajifunza juu ya mashine iitwayo sampla.

Sampla ni nini? Ni chombo cha kunasa sauti. Hunasa kipande kifupi, mathalani mlio wa ngoma au wa gita, hukiweka katika kumbukumbu yake, kisha hukitoa tena kila mnapobonyeza kitufe. Kipande hicho huitwa sampuli. Mkiiamuru mashine irudi mwanzo kila ifikapo mwisho, bila kusita, mmefanya lupu. Lupu ni kama shanga zilizotungwa katika uzi uliofungwa ncha zake: huoni pa kuanzia wala pa kumalizia.

Sasa tufanye hesabu. Mwendo wa muziki hupimwa kwa idadi ya mapigo katika dakika moja. Tuseme ngoma yetu ina mapigo 120 kwa dakika. Dakika ina sekunde 60. Gawanyeni 60 kwa 120: kila pigo huchukua nusu sekunde. Tunataka lupu ya mapigo 16. Basi 16 mara nusu sekunde ni sekunde 8. Wekeni alama ya mwanzo pale pigo la kwanza linapogonga, na alama ya mwisho sekunde 8 baadaye, kabla tu ya pigo la 17.

Je, ikizidi sehemu moja ya kumi ya sekunde, pana ubaya gani? Mara ya kwanza hakuna atakayetambua. Lakini kila mzunguko huongeza kosa lile lile. Baada ya mizunguko 10, ngoma imechelewa sekunde 1 nzima, yaani mapigo 2. Gita liko huku, ngoma iko kule, na wachezaji wanasimama.

Na mkisikia mlio wa “tik” mahali mwisho unapokutana na mwanzo, sogezeni alama ya mwisho kidogo kidogo mpaka mlio huo utoweke.

Sasa tuendelee mbele. Lupu yetu ina mapigo 120 kwa dakika, lakini wimbo tunaotaka kuutungia una mapigo 100. Gawanyeni 60 kwa 100: kila pigo ni sekunde 0.6. Mapigo 16 yatachukua sekunde 9.6. Tutafanyaje sekunde 8 ziwe 9.6?

Njia ya kwanza ni kupunguza mwendo. Lakini mwajua jambo hili: santuri ya mizunguko 45 ikipigwa kwa mizunguko 33, sauti ya mwimbaji huwa nene. Mwendo na sauti vimefungwa pamoja. Wako waliolitumia jambo hili kwa faida yao. Mashine ya E-mu SP-1200, iliyotoka Marekani mwaka 1987, iliweza kuhifadhi sekunde 10 tu hivi. Basi wanamuziki walipiga santuri ya mizunguko 33 kwa mizunguko 45 ili inaswe kwa muda mfupi, kisha wakaipunguza mwendo ndani ya mashine. Nafasi iliokolewa, ingawa sauti ilikwaruza kidogo.

Njia ya pili ni kurefusha muda peke yake. Akai S950, sampla ya kampuni ya Japani ya mwaka 1988, iliweza kazi hiyo. Fikirini mkeka. Fundi akitaka kuupanua hauvuti kwa nguvu, bali huongeza ukili wenye nakshi ile ile. Mashine nayo hukata sauti vipande vidogo sana, kisha hurudia baadhi yake. Muda huongezeka, na sauti haiwi nene. Nanyi huiambia kipimo kwa asilimia: 9.6 gawanya kwa 8 ni 1.2, yaani asilimia 120.

Lakini msizidishe. Mkirefusha mpaka asilimia 200, mishono ya mkeka itaonekana: sauti italia kama bati, na pigo moja litasikika kama mawili. Wanamuziki wa jungle mjini London, mwanzoni mwa miaka ya 1990, waliupenda mlio huo wa bati wakautumia makusudi. Ninyi mjue kwanza kuuepuka, ndipo mchague.

Mwisho, jiulizeni: sauti hii ni ya nani? Mwaka 1969 kundi la The Winstons la Marekani lilirekodi “Amen, Brother”. Ndani yake Gregory Coleman alipiga ngoma peke yake kwa sekunde chache tu. Sekunde hizo zimefanywa lupu katika maelfu ya nyimbo. Coleman alifariki mwaka 2006, wala hakulipwa kwa matumizi hayo. Kwa hiyo, kabla ya kuuza wimbo wenye sauti ya mtu mwingine, ombeni ruhusa na mpatane malipo. Mzee anayepiga ngoma kijijini naye ana haki hiyo hiyo.

Maswali:
1. Ngoma ina mapigo 150 kwa dakika. Lupu ya mapigo 8 ni sekunde ngapi?
2. Tukitaka lupu hiyo iende kwa mapigo 120, tuirefushe kwa asilimia ngapi?

Fanyeni kwanza, kisha mtazame majibu: la kwanza ni sekunde 3.2, la pili ni asilimia 125.

Kwaherini mpaka somo lijalo.