Mti wa sumr na mwani usioonekana

Ukitoka Muscat kwenda Nizwa utauona mti wa sumr umesimama kwenye mawe na jua kali. Ndio ule ule mgunga wa bara, Kenya na Tanzania, wenye kichwa kama mwavuli. Tunaujua kwa kivuli, kwa mbuzi na kwa asali yake. Lakini una ndugu yake baharini, mdogo hata jicho halimwoni: mwani wa seli moja. Wajukuu wakiuliza udugu wenyewe ni upi, waambieni hivi.

Wote wawili wana klorofili, ile rangi ya kijani, na wote hujipikia chakula kwa mwanga wa jua, maji na hewa ukaa, kisha hutoa oksijeni. Hapo wako sawa sawa.

Wanapoachana ni katika maisha. Mgunga ni kama ukoo mkubwa wa seli zilizogawana kazi: mizizi inafuata maji chini kabisa, shina linayapandisha, vijani vidogo vinapika bila kupoteza maji mengi, miba inalinda, maua yanaita nyuki. Mwani hauna wa kumtuma. Seli ile ile inakunywa, inapika, inakua, halafu inajigawa zikawa mbili. Mbili nne, nne nane. Mgunga unataka miaka. Mwani ukipata jua na mbolea, siku chache tu umejaa bahari.

Basi msiudharau. Haba na haba hujaza kibaba: viumbe hivi vya baharini hufanya karibu nusu ya usanisinuru wa dunia nzima. Vikizidi lakini, ni balaa. Mwaka 2008 hadi 2009 mwani uitwao Cochlodinium ulienea Ghuba na Bahari ya Oman. Maji yaligeuka rangi ya kutu, samaki wakafa kwa wingi, na baadhi ya mitambo ya kutoa chumvi kwenye maji ya bahari ikabidi ifungwe. Na hayo ndiyo maji ya bomba tunayopikia chai.

Kwa hiyo, jamaa zangu, mkienda kutembea wadi msikate sumr mbichi kuchomea mishikaki. Kuni chukueni dukani. Na pwani msimwage uchafu, maana uchafu ndio mbolea ya mwani. Mmoja tumwache akue, mwingine tusimlishe kupita kiasi.