Mechi 42 za Fleet Walker, Hasara ya Miaka 63

Moses Fleetwood Walker alicheza mechi 42 tu katika ligi kuu ya besiboli Marekani, zote msimu wa 1884. Anayetazama idadi hiyo peke yake atadhani Walker hakuwa na kiwango. Takwimu nyingine zinakataa.

Akiwa na Toledo Blue Stockings, alihesabiwa zamu 152 za kupiga, akafanikiwa mara 40, yaani asilimia 26.3. Hiyo ilikuwa juu ya wastani wa ligi. Na kupiga haikuwa kazi yake kuu. Walker alikuwa mdakaji, tena bila glovu nene za leo. Mrushaji wake, Tony Mullane, alimbagua kwa rangi yake, akapuuza ishara zake na kurusha apendavyo. Walker alilazimika kudaka mipira asiyojua inakuja vipi. Miaka mingi baadaye Mullane mwenyewe alikiri kwamba hakupata kufanya kazi na mdakaji bora kuliko Walker. Timu ilicheza zaidi ya mechi 100 msimu huo. Majeraha yalimweka nje, na Septemba akaachwa. Mdogo wake, Welday, aliambulia mechi 5.

Je, ubaguzi wa rangi katika besiboli haukuzuilika? Agosti 1883, Chicago ilipokwenda Toledo, nahodha wake Cap Anson aligoma kucheza dhidi ya Mweusi. Wenyeji wakamjibu kwa lugha ya fedha: mkigoma, mgawo wa viingilio hampati. Anson akacheza. Msimamo wa klabu moja ulitosha.

Miaka minne baadaye hakukuwa na msimamo. Julai 1887 viongozi wa International League, ligi ya ngazi ya chini alikokuwa akicheza Walker wakati huo, walipiga kura kutosajili tena wachezaji Weusi. Ligi kuu hazikuandika sheria. Wenye timu walielewana tu. Mlango ulikuja kufunguliwa 15 Aprili 1947, Jackie Robinson alipoichezea Brooklyn Dodgers.

Kutoka 1884 hadi 1947 ni miaka 63. Robinson alicheza misimu 10, kwa hiyo pengo hilo lingetosha vizazi sita vya wachezaji kama yeye. Hiyo ndiyo gharama halisi, na walioilipa ni wanamichezo ambao hawakupata hata hizo mechi 42.