Migodi ilifungwa, matarumbeta hayakunyamaza

Oktoba 13, 1992, serikali ya Uingereza ilitangaza kuwa migodi 31 ya makaa ya mawe ingefungwa na watu wapatao 30,000 wangepoteza kazi. Mgodi wa Grimethorpe, karibu na mji wa Barnsley huko Yorkshire, ulikuwa miongoni mwao. Siku chache baadaye bendi ya matarumbeta ya mgodi huohuo ilipanda jukwaa la Royal Albert Hall jijini London na kutwaa ubingwa wa taifa. Mwaka uliofuata mgodi ukafungwa. Bendi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1917, inapiga hadi leo, tena kwa jina lilelile la mgodi: Grimethorpe Colliery Band.

Mkasa huo ndio uliochochea filamu ya Brassed Off ya mwaka 1996, na muziki wake ulirekodiwa na bendi yenyewe ya Grimethorpe. Filamu ilionyesha jinsi wanakijiji walivyoupokea msiba. Miaka zaidi ya thelathini tangu mgodi ufungwe ina funzo kubwa zaidi. Ajira zimeondoka, minara ya mashimo imebomolewa, na wachimbaji wa mwisho sasa ni wazee. Hata hivyo, katika vijiji vingi vya majimbo ya Yorkshire na Durham bado kuna jioni za mazoezi ambapo babu na mjukuu wanasoma nota kwenye stendi moja.

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki wanayajua matarumbeta. Wameyasikia kwenye harusi za Dar es Salaam na kwenye makanisa ya Kilutheri ya Kilimanjaro. Katika vijiji vya makaa, matarumbeta yalikuwa sauti ya kijiji chenyewe, kwa furaha na kwa msiba.

Peni moja kwa kila tani

Muziki huu ulijengwa na fedha za wafanyakazi na jasho lao. Mahali pengi wachimbaji walikubali kukatwa kiasi kidogo cha mshahara ili bendi inunue vyombo na sare. Kisha sheria ya mwaka 1920 ikaanzisha mfuko wa ustawi wa wachimbaji, ambao wamiliki wa migodi waliuchangia peni moja kwa kila tani ya makaa iliyotolewa. Haba na haba hujaza kibaba: peni hizo zilijenga kumbi, viwanja vya michezo na mabafu, na ndani ya kumbi hizo bendi nyingi zilipata pa kufanyia mazoezi.

Muziki ulithaminiwa kiasi cha kumpatia mtu kazi. Easington, kijiji cha pwani ya mashariki ya Durham, kilianzisha bendi yake mwaka 1915, na wapigaji wenye uzoefu waliitwa kutoka upande wa magharibi wa jimbo waje kuchimba makaa mchana na kupiga matarumbeta jioni. Kule Wales, ambako vijiji vya makaa vilijulikana zaidi kwa kwaya za wanaume, hali ilikuwa hiyohiyo. Filamu ya The Proud Valley ya mwaka 1940 inamwonyesha mgeni mweusi anayepokewa kijijini na kutafutiwa kazi mgodini kwa sababu kiongozi wa kwaya ameisikia sauti yake nzito ya besi.

Mgeni huyo aliigizwa na Paul Robeson, mwimbaji wa Marekani ambaye miaka michache kabla ya hapo alikuwa amejifunza Kiswahili jijini London. Urafiki wake na wachimbaji wa Wales ulikuwa wa kweli. Marekani ilipomnyang'anya pasipoti, aliwaimbia kwa simu kupitia kebo iliyovuka bahari ya Atlantiki. Hiyo ilikuwa mwaka 1957, katika tamasha lao mjini Porthcawl, na kwaya ya wanaume ya Treorchy ilimjibu kwa wimbo.

Chombo kimoja, mikono mingi

Ufundi wa matarumbeta hurithishwa kwa urahisi kwa sababu ya namna bendi yenyewe ilivyoundwa. Bendi kamili ina wapuliza vyombo 25, pamoja na wapiga ngoma. Kuna korneti ndogo zenye sauti kali, kuna horni za sauti ya kati, kuna tromboni, na kuna tuba kubwa zinazobeba besi. Ukiacha tromboni, ambazo hupigwa kwa kuvuta bomba, vyombo hivi hutumia vitufe vitatu vya msingi na mpangilio wa vidole ulio sawa. Tena karibu vyote husoma nota kwa namna moja, isipokuwa tromboni ya besi.

Kwa mpangilio huo, mtoto wa miaka minane anaweza kuanza na korneti inayoenea mikononi mwake, kisha akahamia kwenye horni au tuba kadiri anavyokua, bila kuanza elimu upya. Mzee ambaye mapafu au meno yake hayamruhusu tena kupiga korneti ya kwanza anaweza kuhamia chombo kilicho rahisi zaidi kwake na akabaki kwenye bendi. Pengo likitokea, kuna mtu wa kuliziba.

Nyimbo zenyewe zina nafasi ya kila kiwango. Anayeanza hupewa sehemu rahisi na kukalishwa pembeni ya aliyebobea. Anajifunza kwa kusikiliza pumzi ya jirani yake, kuona mahali anapoinua chombo, na kugundua kuwa kunyamaza kwa hesabu nako ni sehemu ya muziki. Bendi nyingi zina kikundi cha wanaoanza na kikundi cha vijana, na mtoto huazimwa chombo cha bendi aende nacho nyumbani. Mchimbaji alifunza hivyo, mwanawe akafunza hivyo. Kilichobadilika ni kwamba leo msichana naye amekaa kwenye kiti ambacho kwa miongo mingi kilikuwa cha wanaume peke yao.

Bendera haitembei kimya

Ufundi peke yake usingetosha. Bendi huishi pale inapohitajiwa, na Durham kuna siku moja kila mwaka inayohakikisha kuwa inahitajiwa.

Ni Gala ya Wachimbaji wa Durham, iliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1871 na ambayo sasa huangukia Jumamosi ya pili ya Julai. Wenyeji huiita Mkutano Mkubwa. Asubuhi na mapema bendi hupiga kijijini kwao, kisha watu wa kijiji huelekea mjini na bendera kubwa ya hariri yenye picha za viongozi wao, matumaini yao na wafu wao. Bendi hutangulia, bendera hufuata, watu hufuata bendera. Mbele ya Hoteli ya Royal County msafara husimama na bendi hupiga wimbo iliouchagua, huku viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakitazama kutoka roshani. Baadaye kuna ibada katika kanisa kuu, ambako bendera mpya hubarikiwa.

Mgodi wa mwisho wa ukanda wa makaa wa Durham, Wearmouth, ulifungwa Desemba 1993. Gala ingeweza kufa mwaka uliofuata, lakini haikufa. Makumi ya maelfu ya watu bado hufika. Vijiji ambavyo mashimo yake yalifungwa tangu zamani vimechanga fedha na kushona bendera mpya, na kila bendera inayorudi barabarani hutafuta bendi ya kuitangulia.

Kuna wimbo mmoja ambao siku hiyo haukosi kupigwa: Gresford. Ulitungwa na Robert Saint, mchimbaji wa Hebburn, kuwakumbuka watu 266 waliokufa kufuatia mlipuko katika mgodi wa Gresford, kaskazini mwa Wales, Septemba 22, 1934. Ulitungwa kwa ajili ya vyombo, bila maneno. Unapoanza, kofia huvuliwa na umati hunyamaza. Easington nako wana wafu wao, watu 83 waliokufa katika mkasa wa Mei 29, 1951, wakiwemo waokoaji wawili. Kijana anayeupiga wimbo huo leo hajawahi kushuka shimoni. Lakini ameifunza pumzi yake kuubeba msiba wa babu zake, na hilo haliwezi kufanywa na jiwe la kumbukumbu.

Deni la walio hai

Haya yote hayajitunzi yenyewe. Tuba moja hugharimu maelfu ya pauni. Bajeti za muziki shuleni zimepunguzwa, na vijana wengi huondoka kijijini kwenda chuo au kutafuta kazi. Bendi nyingine huazima wapigaji kutoka mbali ili zitimize idadi siku ya Gala. Mahali ambapo ufundishaji wa watoto ulisimama, bendi ilizeeka pamoja na wanachama wake kisha ikavunjika.

Zile zilizodumu zilishika mambo matatu. Vyombo ni mali ya bendi, kwa hiyo mtoto wa maskini hazuiliwi na umaskini. Anayejua anamfundisha asiyejua, na hilo linahesabiwa kuwa wajibu wake. Na muziki una kazi inayojulikana: maziko, nyimbo za Krismasi mitaani, kumbukumbu ya waliokufa vitani kila Novemba, na Gala kila Julai.

Nayasema haya kwa sababu kwetu pia vikundi vya muziki huzaliwa kwa shangwe na hufa pamoja na waasisi wao, na mara nyingi tunalaumu ukosefu wa mfadhili. Vijiji vya Durham vilimpoteza mfadhili wao mkuu, yaani mgodi, pamoja na ajira zote alizokuja nazo, na bado vinapiga. Kwa hiyo kila anayeongoza kwaya, kikundi cha taarabu au matarumbeta ya mtaani ajiulize jambo moja: mtoto wa miaka tisa akija leo jioni kwenye mazoezi, atapewa chombo gani, atakaa pembeni ya nani, na ni siku gani jamii yake itamhitaji apige?