Sigara Moja Moja Ndiyo Mlango wa Mtoto

Sheria ya Kenya hairuhusu sigara kuuzwa moja moja. Pakiti lazima iwe na sigara zisizopungua 10, na anayeuziwa awe ametimiza miaka 18. Hayo yamo katika Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika Julai 2008. Mtoto aliyezaliwa mtaani Wabera, mjini Isiolo, sheria ile ilipoanza, sasa yumo katika umri wa kuchukua kitambulisho. Tangu apate akili amekuwa akiona pakiti iliyofunguliwa kwenye kila kibanda anachopita.

Tukitazame hicho kibanda kwa karibu. Pakiti imepasuliwa juu na kusimamishwa nyuma ya wavu, ubavuni mwa peremende na biskuti. Kibiriti cha gesi kinaning'inia kwa uzi ili mnunuzi awashe papo hapo. Mvulana aliyevaa sweta ya shule anasogea na sarafu mkononi. "Ni ya mzee," anasema, au hasemi lolote. Muuzaji haulizi. Bei ni ya andazi moja au mawili, na mambo yamekwisha kabla mteja wa nyuma hajafika.

Nikitakiwa kuchagua jambo moja la kurekebishwa ili vijana wa Wabera wasianze tumbaku, nitachagua hilo la kuuza moja moja. Picha za onyo, zile za mapafu yaliyooza na koo lenye uvimbe, zilianza kuonekana kwenye pakiti za Kenya mwaka 2016. Anayenunua sigara moja haishiki pakiti, kwa hiyo picha hiyo haimfikii. Ushuru nao unafifia. Tangu Desemba 2024 serikali hutoza shilingi 4,100 kwa kila sigara 1,000, yaani kama shilingi nne na senti kumi kwa sigara. Mtu anayelipia pakiti nzima ataliona ongezeko la bei na pengine atasita. Kijana mwenye shilingi ishirini hasiti, maana bado zinatosha kumpa alichokuja kutafuta.

Na hahitaji nyingi. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na nikotini hujishikiza kwenye sehemu zilezile zinazoufundisha ubongo kufurahia na kuzoea. Kijana anaweza kuanza kuona dalili za uraibu, kama kukereka na kushindwa kutulia darasani, akiwa bado anavuta chache kwa wiki na kujiambia kwamba anajaribu tu. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2012 ilionyesha kwamba karibu watu 9 kati ya 10 wanaovuta kila siku walionja sigara ya kwanza kabla ya miaka 18. Kwetu, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2013 ulikuta kwamba asilimia 9.9 ya wanafunzi wa miaka 13 hadi 15 walikuwa wakitumia tumbaku ya aina fulani. Hiyo ni karibu mmoja kwa kila kumi, na kati yao walikuwemo wasichana.

Nimesema tumbaku ya aina fulani kwa sababu Isiolo si mji wa sigara pekee. Miraa huteremka kutoka Meru kila siku, na mwenye kutafuna miraa mara nyingi hutaka na sigara mkononi. Mvulana anayefunga au kuuza miraa kwa ajili ya karo hukaa saa nyingi katikati ya moshi na wakubwa wanaomkaribisha. Halafu kuna tumbaku ya kutafuna na ugoro, vilivyozoeleka kwa muda mrefu miongoni mwa wafugaji wa kaskazini. Huuzwa kwa mafungu sokoni, na wengi huchanganya na magadi. Magadi yale yana kazi yake: hufanya nikotini ipenye haraka zaidi kwenye ngozi laini ya mdomo. Fungu la tumbaku halina karatasi ya onyo wala picha, wala hakuna anayemuuliza mtoto umri wake, hali sheria ya 2007 inahesabu tumbaku ya kutafuna na ya kunusa kuwa bidhaa za tumbaku sawa na sigara. Wazazi wengi hawalijui hilo.

Kinachonitia hofu zaidi ni vile vipakiti vidogo vyeupe vya nikotini vinavyobanwa chini ya mdomo. Havina moshi wala harufu, na mwalimu anaweza kufundisha kipindi kizima bila kugundua kwamba mwanafunzi wa dawati la mbele anacho mdomoni. Kampuni ya sigara ya BAT ilivileta Kenya mwaka 2019 kwa jina la Lyft. Mwaka 2020 Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alipinga jinsi vilivyosajiliwa, na vikaondolewa sokoni. Mwaka 2022 vilirudi kwa jina la Velo. Sheria ya 2007 iliandikwa kabla bidhaa hizi hazijafika kwetu, na ndiyo sababu Seneta Catherine Mumma alipeleka Seneti mswada wa marekebisho mwaka 2024. Majirani zetu hawakungoja hivyo. Uganda mwaka 2015 na Ethiopia mwaka 2019 zilipandisha umri wa kuuziwa tumbaku hadi miaka 21. Barabara ya kwenda Moyale inaanzia hapa Isiolo, na mbele yake ni Ethiopia, ambako kijana wa miaka 19 haruhusiwi kuuziwa kile anachouziwa huku bila swali.

Wengine watasema sheria zimejaa na hazisaidii. Mimi siamini hivyo, na mahakama zetu zimenipa sababu. Kanuni za Udhibiti wa Tumbaku za mwaka 2014 zilipingwa na BAT, na moja ya hoja za kampuni ilikuwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Mahakama Kuu ilizikubali kanuni mwaka 2016, Mahakama ya Rufaa ikafanya hivyo mwaka 2017, na Novemba 2019 Mahakama ya Juu ikaifungia kampuni mlango. Linganisha na marufuku ya shisha iliyotangazwa Desemba 2017. Januari 2024 hakimu wa Shanzu, Mombasa, aliwaachilia watu 48 walioshtakiwa kwa shisha, kwa sababu kanuni zile hazikuwa zimefikishwa Bungeni kama inavyotakiwa. Zote mbili zilikuwa na nia ya kulinda afya. Iliyofuata utaratibu ilisimama mbele ya kampuni kubwa na mawakili wake, na iliyoruka hatua ikakwama mbele ya hakimu.

Hapa ndipo wananchi wa Wabera wanapoingia. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti huduma za afya, leseni za biashara, matangazo ya nje na udhibiti wa dawa za kulevya. Kwa hiyo leseni ya kile kibanda inatoka Isiolo, haitoki Nairobi. Bunge la kaunti linaweza kutaka kila anayeuza tumbaku awe na leseni ya pekee, yenye masharti yanayoeleweka: asifungue pakiti, asimuuzie mtoto hata akitumwa, na abandike tangazo la miaka 18 mahali linapoonekana. Akikiuka, leseni hiyo inafutwa, naye anaendelea kuuza sukari na unga wake. Adhabu ya namna hiyo ni nyepesi kutekeleza kuliko kumpeleka mama mwenye kibanda mahakamani, na wengi wataiheshimu. Serikali za miji zimewahi kuongoza katika jambo hili. Baraza la Manispaa ya Nakuru lilipiga marufuku kuvuta sigara hadharani kabla sheria ya taifa haijaanza kufanya kazi.

Lakini afisa wa afya ya umma ni mmoja na vibanda ni vingi. Wanaokiona kibanda kila siku ni majirani, wazee wa mtaa, wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba, maimamu, wachungaji na walimu wa madrasa. Wao ndio wanaoweza kumwambia muuzaji kwa upole, tena kwa kumtaja mtoto kwa jina la mzazi wake, kwamba huyu usimuuzie tena. Neno hilo lina nguvu kwa sababu muuzaji naye anaishi papo hapo, na wanawe wanasoma shule moja na watoto wa jirani.

Liko jambo la malezi ambalo hakuna sheria itakayotufanyia. Kwetu mtoto hutumwa na mkubwa yeyote, na ni adabu nzuri. Tuitunze, ila tumbaku tuitoe humo. Mzee anayetaka sigara aende mwenyewe. Mtoto akizoea kutumwa, muuzaji hupoteza njia ya kujua sigara ni ya nani, na mtoto hujifunza mapema jibu la kutoa akiulizwa.

Tena tusimgeuze mtoto kuwa mhalifu. Sheria inamlenga anayeuza. Kijana anayekamatwa na sigara au kipakiti shuleni, akarudishwa nyumbani kwa wiki mbili, hupewa wiki mbili za kukaa palepale anapoipata. Anayeonyesha dalili za uraibu anahitaji kuzungumza na mtu mzima anayemsikiliza, na mzazi asiyejua aanzie wapi anaweza kupiga 1192, namba isiyolipishwa ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, apate ushauri.

Ombi langu kwa wakazi wa Wabera ni hili. Kaunti inapotangaza kikao cha kukusanya maoni kuhusu leseni na ada za biashara, Katiba inaitaka isikilize, na mara nyingi viti huwa vitupu isipokuwa vya wafanyabiashara. Nendeni. Mama aende, mzee wa mtaa aende, mwalimu aende na wanafunzi wake wakubwa. Mwambieni mwakilishi wenu wa wadi mbele ya watu, na iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, kwamba mnataka leseni ya pekee ya kuuza tumbaku, na kwamba sigara ya kuuzwa moja moja mjini Isiolo ikome.