Daftari Lisilofutika na Jina la Kuazima

Kila simu janja inayouzwa Hagadera au Ifo, kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya, ina namba ya IMEI, tarakimu 15 unazoziona ukibonyeza *#06#. Blokucheni ni daftari la kielektroniki lenye nakala kwenye kompyuta nyingi, ambalo hakuna anayeweza kulifuta kimyakimya. Namba hiyo ikiandikwa humo pamoja na kila mmiliki, mnunuzi atajua mapema kama simu ni ya wizi au ina deni. Faida hiyo si haba: simu za Lipa Mdogo Mdogo, mpango wa kulipia simu kwa awamu ulioanzishwa na Safaricom 2020, hufungwa kwa mbali malipo yakikwama, hata kama zimeshauzwa kwa mtu mwingine. Kwa Dadaab, hata hivyo, naona swali gumu liko kwenye jina linaloandikwa. Wakimbizi wengi wametumia laini zilizosajiliwa kwa majina ya wengine, kwa kukosa hati zinazokubalika, na daftari lingemtambua mwenye jina lililoazimwa, si aliyelipa pesa. Tena eneo hili lina funzo chungu. Wakati wa ukame, Wakenya wa Garissa walijiandikisha kambini wapate chakula na matibabu. Alama zao za vidole zikabaki kwenye kanzidata ya wakimbizi, na walipoomba kitambulisho wakakataliwa. Hakuna aliyechezea rekodi zile. Zilitunzwa vizuri kupita kiasi.

Mtetezi atasema kosa hurekebishwa kwa kuongeza mstari mpya, na kwamba Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kutumia blokucheni katika kambi ya wakimbizi ya Azraq, Jordan, mwaka 2017. Ni kweli. Ila pale mashirika yenyewe ndiyo yanayoshika daftari na kuamua nani aandike, jambo ambalo kanzidata ya kawaida ingelimudu (hilo wauzaji wa teknolojia hawalitaji sana). Wengine watasema tuyaache majina, mwenye ufunguo wa siri awe ndiye mwenye mali. Lakini mara nyingi ufunguo umo ndani ya simu ileile: mwizi akiijua namba ya siri, amechukua kifaa na hati yake. Na IMEI hubadilishwa na mafundi wajanja, daftari lisijue. Kwa hiyo mradi wowote wa aina hii ungepaswa kuanza kwa kupokea hati za mkimbizi kama zilivyo, na kuweka ofisi ya malalamiko Dadaab kwenyewe, kwa sababu anayedai simu yake hawezi kwenda Nairobi bila kibali cha kutoka kambini.